Ganesha wa Rafu ya Wifi

Shoga, acha unachofanya usome. Nimeumbuka leo mpaka masikio yanawaka.

Si unamjua wifi yangu, mke wa kaka? Mimi ndiye niliyemfundisha kutengeneza sanamu, kuchonga nta na kumimina shaba. Sasa kila mteja akiingia karakanani, "Yule dada mwenye mkono mwepesi yuko wapi?" Roho inaniuma, sikufichi.

Leo kaja mama mmoja anatafuta Ganesha, yule mungu wa Kihindu mwenye kichwa cha tembo, wa kuabudu nyumbani. Kapita sanamu zangu zote kama hazipo! Moja kwa moja mpaka rafu ya wifi, akamnyanyua mmoja. "Huyu uso wake umetulia."

Umetulia! Shoga, nikashindwa kujizuia. Nikamwambia mkonga umekaa vibaya, tumbo halina uhai, na uso ni wa mtu anayeumwa jino. Kwa mdomo wangu huu. Anayeumwa jino!

Mama akamrudisha taratibu, akaondoka mikono mitupu. Kugeuka, wifi huyo mlangoni na kitambaa chake cha kung'arishia. Kasikia yote.

Akamgeuza Ganesha, akanionyesha chini ya kitako. Mikwaruzo mitatu ya msumari. Alama yangu! Kazi yangu mimi, ya mwaka juzi!

"Nilimweka kwangu niige uso wake," akasema, wala hakucheka. "Kila siku najaribu, siufikii. Hebu wifi, nionyeshe ulipokosewa."

Nimuonyeshe nini, shoga?

Saa nzima sasa nimekaa nao mbele yangu, ule uso. Umetulia kweli.