Nukta ya Nne

Jumatatu, 6 Oktoba

Macho mekundu kama ya mlevi, na pombe hata sijaionja. Ndiyo faida ya kukodolea skrini usiku kucha. Watu wanadhani kurusha droni ni mchezo wa watoto. Waje wakae wao kwenye lile kontena! Baridi, kiti kimoja kibovu, mende, na mimi. Kindege kinazunguka juu ya mashimo ya mchanga, mimi natazama. Nikiona watu, wezi wa mchanga, naita redioni. Mkuu wa walinzi anashuka na mbwa. Basi, kazi imekwisha. Shukrani hakuna.

Shemeji alikuja kula tena jana. Huyu mtoto ana pua ya sufuria! Chakula kikiiva tu, hodi. Dada yake — mke wangu — ndiye aliyemlea tangu wazazi wao walipofariki, basi anamgombeza kama bado anavaa kaptula. "Umepata kazi?" Anasema anapata vibarua vya kupakia malori. Malori ya nani? Hasemi. Sikumbana. Nani atamnyima mtu shibe kwa maswali?

Akanitania: "Shemeji, hilo dege lako linaona mpaka soksi zilizotoboka?" Nikamwambia halioni soksi wala sura. Kamera yangu ya usiku inaona joto tu. Mwili wa mtu unatokea nukta nyeupe, ardhi ni kijivu, basi. Akauliza, kwa hiyo hata mimi ukiniona hunijui? Nikasema hata bosi wangu mwenyewe simjui kutoka kule juu. Akacheka mpaka akapaliwa. Mke wangu akampiga mgongoni — polepole wewe, chakula hakikimbii.

Nilijisikia fundi kweli kweli kueleza hayo. Ujinga wangu huo, napenda kusikilizwa.

Jumatano, 8 Oktoba

Asubuhi. Sijalala.

Usiku wa kuamkia leo niliwapata! Wanne. Shimo la mashariki, lile lililofungwa kwa sababu kuta zake zimechoka. Wezi wanalipenda hilo hilo. Mchanga wake ni safi, na lori linafika karibu. Wanachimba chini chini, kwenye kitako cha ukuta, juu panabaki pananing'inia. Wana roho ngumu hawa watu.

Nikawahesabu mara mbili kama ninavyofanya siku zote. Nukta nne, makoleo yanapanda na kushuka. Mara mmoja akasimama, akatazama juu. Labda alisikia mlio wa droni. Akainua mikono yote miwili, akanipungia! Jeuri ya wapi hii! Unaiba halafu unasalimia! Nilikasirika, nikaita redioni kwa sauti ya kibwana mkubwa: watu wanne, shimo la mashariki, shukeni haraka.

Wakashuka na mbwa, mataa yanawaka. Kule shimoni ikawa vurugu. Na ukuta ukaporomoka.

Mimi sikusikia kitu, droni haina masikio. Niliona tu picha imevurugika, vumbi limetanda, kisha nukta zinatoka mbio kuelekea barabarani. Tatu. Lori likaondoka limezima taa.

Mkuu akauliza redioni: kuna aliyebaki?

Nikaangalia. Pale chini palikuwa na weupe kidogo. Lakini mchanga wa ndani ukichimbuliwa hutoka na joto lake, umeshanidanganya mara nyingi. Mwezi uliopita tu niliwashusha walinzi usiku kwa lundo la mchanga, wakanicheka wiki nzima. Na wawili wakikimbia bega kwa bega, kutoka juu wanaonekana nukta moja. Nikajua ndivyo ilivyo, nukta mojawapo ni watu wawili.

Nikasema: hakuna. Wametoka wote.

Walinzi wakarudi. Mbwa mmoja alikuwa hataki kurudi, wakamburuta kwa mnyororo.

Bosi kafura asubuhi hii kwa sababu hakukamatwa mtu. Anasema ananilipa kutazama sinema?  Nakwenda kulala.

Alhamisi, 9 Oktoba

Kuna joto, hakulaliki. Usiku ulikuwa kimya, panya tu.

Shemeji hakuja kula juzi wala jana. Mke wangu kamwekea sahani, akaifunika. Simu yake haipatikani. Nikamwambia yuko kwa msichana fulani, njaa ikimuuma utamwona. Akacheka kidogo. Sahani ilibaki pale pale mezani.

Ijumaa, 10 Oktoba

Sijui nianzie wapi. Niandike hivyo hivyo.

Mke wangu alikwenda chumbani kwa mdogo wake. Jirani anasema hajamwona tangu Jumanne jioni. Kitanda kimetandikwa. Chaja iko ukutani. Akarudi nyumbani uso umemshuka, akaanza kutafuta picha kwenye simu ili awatumie watu. Akaniita nimsaidie kuchagua.

Nikakaa naye kitandani. Picha ya kwanza, shemeji kainua mikono yote miwili juu ya kichwa. Ya pili hivyo hivyo. Kwenye harusi yetu — watu wote wamesimama vizuri, yeye mikono juu kama amefunga goli. Mke wangu akalalamika, huyu hana hata picha moja ya maana, kila akiona kamera lazima apunge.

Mikono yote miwili. 

Nikasema ile ya harusi inafaa, sura inaonekana. Nikatoka nje. Nikatapika nyuma ya choo, nikafungulia bomba asinisikie.

Nimewahi kazini mapema leo, kabla ya zamu. Nikafunga mlango wa kontena. Nikairudisha video ya usiku ule na kuipunguza mwendo.

Nukta nne. Mmoja anapunga. Taa za walinzi zinaingia. Watatu wanakimbia kulia, kwenye barabara. Wa nne anakimbilia ukutani. Kwa nini ukutani, wewe! Kwa nini? Anajibana chini ya ule ukingo, kujificha. Anajificha nisimwone. Mimi! Mbwa hata hawajafika. Nami namjua anayejificha hivyo — mtu anayedhani droni ni jicho, na kwamba ukisimama chini ya kitu halikuoni. Kwamba kuta zile zimechoka, hilo sikumweleza. Nilieleza mengine yote.

Ukuta unashuka.

Vumbi likitulia, kuna weupe pale chini. Si mchanga! Mchanga wenye joto unatapakaa, hauna umbo. Hiki ni kipande chembamba kimetokeza, na kinasogea. Mkono. Nimerudia na kurudia. Kinasogea wakati mimi nasema hakuna. Sauti yangu imo kwenye video: "Hakuna. Wametoka wote." Kinasogea bado. Walinzi wanaondoka, mbwa anavuta kule kule, anaburutwa. Kisha mkono unatulia. Kisha unaanza kufifia, mweupe, mweupe hafifu, kijivu. Droni ilikuwa pale pale juu. Nilikuwa nakunywa chai.

Angekuwa hai. Hilo ndilo linalonitafuna. Wangechimba wakati ule ule angekuwa hai, na saa hizi angekuwa anamaliza chakula chetu.

Jumamosi, 11 Oktoba

Sikwenda nyumbani moja kwa moja. Nilishuka shimoni mchana. Ukuta umeanguka tena, lundo limekuwa kubwa zaidi, hakuna kinachoonekana juu. Nilisimama tu. Mkononi sina hata koleo. Nikamwita kwa sauti ya chini, kama mwendawazimu. Kisha nikamwomba msamaha mchanga.

Nikamtafuta mkuu wa walinzi. Nikamwambia yote, hata kwamba ni shemeji yangu. Alinisikiliza vizuri, si mtu mbaya.  Kisha akasema pole. Halafu akasema: lakini nilikuuliza. Nilikuuliza, ukasema hakuna. Nikasema ndiyo. Akasema yeye ana watoto wanne, na yule mbwa alimburuta yeye mwenyewe. Ukilisema hili wanatufunga wote wawili. Na kijana ndiyo hivyo tena, hatarudi.

Nikamwuliza, na dada yake?

Akasema dada yake ni mke wako, wewe ndiye unayelala naye. Mimi usiniulize.

Akaniambia pia — alivyosema hakunitazama — kwamba Jumatatu asubuhi tingatinga linakuja kusawazisha shimo la mashariki. Bosi kaamua. Kuta ni hatari, wakaguzi wakiona atapigwa faini. Watasukuma kila kitu chini na kufukia kabisa.

Kwa hiyo nina kesho tu. Baada ya hapo hata kaburi hana.

Nilirudi nyumbani nimepiga moyo konde. Nitamwambia. Nikaingia, nikamkuta kakaa chini jikoni, anamenya vitunguu na machozi yanamtoka. Akaniwahi: ni vitunguu hivi. Nikakaa karibu naye. Nikafungua mdomo. Nikasema, nikusaidie? Akanipa kisu.

Mwoga mimi. Mwoga, mwoga.

Jumapili, 12 Oktoba

Niko kwenye kontena. Naandika haraka, betri inachaji. Mke wangu yuko nje hapo.

Ilikuwa hivi. Asubuhi mmoja wa wale vijana wa lori alimpigia simu, hakujitaja jina. Akamwambia tu mdogo wako alikwenda mchangani usiku wa Jumanne, tulipokimbia hatukumwona tena. Akakata. Nikadhani imekwisha, sasa anajua, sasa atanigeukia. Hakunigeukia! Hakuunganisha na zamu yangu ya usiku ule. Aliruka kwa furaha karibu. Akasema, kumbe yuko hai, anajificha! Anaogopa polisi mjinga huyu, yuko vichakani huko, ana njaa. Na wewe una kile kindege!

Nikasema bosi hawezi kuruhusu. Akavaa kanga, akatoka. Alikwenda mwenyewe nyumbani kwa bosi, akampigia magoti getini. Bosi naye, mtu ambaye hajawahi kunipa hata likizo, akamhurumia. Akasema kamtafute, nenda na mumeo. Akampigia mkuu wa walinzi simu atufungulie geti.

Mkuu alitufungulia. Aliniangalia. Nikaangalia pembeni.

Kwa hiyo leo yeye ndiye aliyekaa kwenye kiti kibovu, mimi nikasimama. Kaja na chupa ya maji, chakula kwenye bakuli lenye mfuniko, na sweta. Asije akapata baridi. Anashangaa kila kitu. Aliniuliza, mtu anaonekanaje? Nikasema mweupe, nukta nyeupe. Kitu kingine ni kijivu. Akarudia polepole kama mtoto wa shule: mtu mweupe, kitu kijivu.

Nikairusha. Nilitaka kuanzia mbali, kwenye miti. Akasema hapana, tuanzie alikoonekana mwisho. Shimo gani? Nikasema la mashariki. Sauti yangu ilitoka tu.

Tukafika juu yake. Nikaisimamisha pale pale. Nilisema moyoni, sasa. Akiuliza chochote, namwambia. Akaegemea skrini mpaka pumzi yake ikaifanya ukungu. Akaipangusa kwa kanga. Akatafuta pembe kwa pembe, kidole kinatembea juu ya kioo, kikapita pale. Kikapita pale hasa! Kijivu chote. Hata panya hakuna.

Akashusha pumzi. Akatabasamu — sijamwona akitabasamu tangu Alhamisi. Akasema, "Ashukuriwe Mungu, huku hakuna mtu."

Nikashindwa. Nikasema betri inaisha, nikaishusha.

Sasa amesimama mlangoni, sweta begani, anatazama miti. Tingatinga limeshaegeshwa getini tangu jioni, tumelipita tulipoingia. Dereva wake amelala humo humo. Nikimwambia sasa, mchanga utachimbwa kwa mikono yetu usiku huu, atamwona. Nami atanijua. Nisipomwambia, tutatafuta mpaka asubuhi, na kesho, na keshokutwa, atapika na kufunika sahani mpaka lini?

Taa ya betri imekuwa kijani.

Anageuka. Ananiambia, "Iko tayari, mume wangu? Twende kule kwenye miti. Huku tumeshamaliza."