Zadock Aliyeimba Bila Kusema

Odero weh, uko? Dani Phelesia, huyu nyanya yetu, ameniambia kitu saa hii mpaka chai yangu imepoa.

Mwaka wa sitini na nane, huko Rangwe, mumewe Zadock alianguka shambani. Mshipa ulipasuka, damu ikavuja ndani ya ubongo. Akatoka hospitali hawezi kusema hata "maji".

Jumapili ya kwanza kanisani, jamaa akaimba wimbo mzima! Maneno yote! Hakukwama popote!

Dani akamkodolea macho. Akawaza, huyu ananichezea. Mdomo wa kuimba anao, wa kuongea na mimi hana?

Daktari alishamwambia seli zingine za ubongo zimekufa, zingine zimezimia tu, na zilizo jirani zitajifunza kazi ya zilizokufa polepole. Dani hakuamini. Hakuamini kabisa!

Sasa sikia. Akamnyima chakula. "Sema kwa mdomo wako ndio nipakue." Siku mbili, Odero. SIKU MBILI.

Siku ya tatu Zadock akaanza tena ule wimbo wa kanisani. Dani akasonya, akageuka aende zake.

Halafu akasimama. Tuni ilikuwa ileile, lakini maneno yalikuwa mapya.

"Phelesia, nina njaa."