Silinda ya Tatu

Salim, mume wangu,

Unakumbuka tuliponunua mashine ya kusomea hitilafu za injini? Maandishi yake yalikuwa madogo, nawe miwani ulikuwa huitaki, ukidai inakuzeesha. Basi msomaji nikawa mimi. Nilikuwa nikiichomeka chini ya usukani na kusoma kwa sauti, wewe umeinama ndani ya boneti.

"Imesema nini?"

"Silinda ya kwanza haichomi."

"Haya, imetuonyesha panapouma. Haijasema kinachouma."

Kisha ulikuwa ukianza kuniamrisha: "Kanyaga mafuta! Achia! Kanyaga tena!" Jirani yetu wa kuchomelea vyuma alikuwa akituuliza kama tunagombana. Wewe ulicheka mpaka ukakohoa.

Tangu tulipokuzika, wateja wamepungua. Wanachungulia gereji na kuuliza, "Fundi yuko?" Nikiwaambia fundi ni mimi, wanasema watapita baadaye. Kaka yangu naye hachoki kupiga simu kutoka Mombasa. "Huna mume, huna mtoto. Unangoja nini huko Kayole? Nije nikuchukue." Wiki iliyopita nilimjibu, "Njoo Jumamosi." Nikaanza kufunga spana zako kwenye gunia.

Siku mbili baadaye akaingia Mama Wambui, yule anayesambaza mkate mitaa ya Fedha na Pipeline. Gari lake lilitetemeka kama mgonjwa wa malaria, na taa ya injini ilikuwa inawaka.

"Nilikuwa namtafuta mzee," akasema.

"Mzee alifariki, mama."

"Woi, pole sana. Sikuwa najua." Akaligeukia gari lake. "Gereji nyingine wameniambia injini imekwisha, ninunue ingine. Hiyo siwezi. Nitaliuza tu hivi lilivyo."

"Ngoja kwanza nilisikilize."

Mashine ikasema silinda ya tatu haichomi. Nikaihamisha koili yake, ile ya kutoa cheche, hadi silinda ya pili, nikafuta namba ya hitilafu kwenye mashine, nikawasha. Kama koili ingekuwa mbovu, tatizo lingehama nayo. Halikuhama. Nikabadilisha plagi hivyo hivyo, bado ni ya tatu. Kila mara ilibidi nitoke mbele, niingie ndani nikanyage, nitoke tena nisikilize, na nilipofika kwenye boneti mlio ulikuwa umeshapita. Hapo ndipo nilipokukosa vibaya, Salim. Nikajifuta uso na kitambaa chenye oili ili Mama Wambui asione.

Mwishowe nilimwomba akae kwenye usukani. Nikaweka bisibisi ndefu kwenye kila injekta inayonyunyiza mafuta, mpini sikioni, kama ulivyonifundisha. Zote zikagonga ta-ta-ta. Ya tatu ilikuwa kimya. Nikaushika waya wake, nikaukunja kidogo, na injini ikatulia. Nilipouachia, ikatetemeka tena. Waya ulikuwa umekatika ndani, lakini ganda la nje zima kabisa.

Niliukata, nikauunga kwa risasi iliyoyeyushwa, nikaufunga vizuri. Taa ikazimika na haikurudi, hata baada ya kuzunguka na gari mpaka Fedha.

"Kumbe ni waya!" Mama Wambui akapiga makofi. "Waya tu!"

Alipoondoka niligeuka nikuambie. Nilikuwa hata nimeshafungua mdomo. Nikabaki nimesimama hivyo, mikono michafu, na hapakuwa na mtu wa kuniuliza nilijuaje.

Jioni nilimpigia kaka. "Usije Jumamosi."

"Utabaki huko na nani?"

Nilimwambia tu kwamba Mama Wambui ameniletea mteja, mwenzake ambaye gari lake linazima likipanda mlima, na nimeahidi kulitazama kesho. Akavuta pumzi, akasema, "Haya, dadangu." Simu ilipokatika nililia sana, Salim, lakini sikumpigia tena kubadilisha neno langu.

Mungu akupe pumziko jema. Dua zangu ziko nawe kila swala.

Mkeo akupendaye