Niliandika "Rudi" Mahali pa "Usirudi"

Mshauri mpendwa, naomba unisaidie kwa sababu sina wa kumwambia, tangu nimalize shule rafiki yangu Delphine amehamia Isangi na mimi nashinda nyumbani bila mtu wa kuongea naye, na ninaandika gazetini kwa sababu Mama hajui kusoma, na hapo ndipo kosa langu lilipoanza. Papa alikwenda kufanya kazi Yangambi miaka mitatu iliyopita akajenga nyumba na mwanamke mwingine, halafu mwezi uliopita alimpa mtu wa boti barua ya kuuliza kama anaweza kurudi kwetu, nikamsomea Mama akiwa anafunga chikwange, mikate yake ya muhogo, kwa majani, naye hakuinua kichwa, akasema tu, "Twaa bic, andika." Mama ni mtu wa mtoni, akikasirika anahamia Kilingala, akasema, "Zonga te," na katika Kilingala neno la kukataa, te, linakuja nyuma kabisa, kwa hiyo nilisikia kwanza "rudi" na moyo wangu ulikuwa umeshafika bandarini kabla ya te. Papa ni wa Maniema, tunamwandikia kwa Kiswahili, na shuleni nilikuwa wa kwanza katika zoezi la kugeuza sentensi za kukataa ziwe za kukubali, basi mkono wangu ukafanya zoezi, mahali pa "usirudi" nikaandika "rudi", mahali pa "sikungoji" nikaandika "nakungoja".

"Umeandika vile nilisema?"

"Ndiyo, Mama."

"Soma basi."

Nikasoma maneno yake, si yale ya kwenye karatasi.

Sasa Papa amejibu kwamba anapanda boti ya mwisho wa mwezi na vitu vyake vyote, barua nimeificha ndani ya daftari, na Mama anasema, "Unaona? Amenyamaza. Bon, mambo imeisha," na jana nilimsikia akiimba. Je, akimwona Papa mlangoni hawezi kubadilika?

Binti wa Makiso

JIBU

Binti yangu, nyumba bila baba ni kimya kirefu, nimekusikia. Lakini umefanya vibaya. Kiswahili huweka kukataa mbele ya kitendo, kama mlinzi mlangoni. Mama yako alimweka mlinzi wake, wewe ukamfukuza, kisha ukamwambia mama alale, mlango umefungwa. Hajui kusoma, hana mkono mwingine ila wako!

Na unataka abadilike mlangoni, mbele ya majirani, mizigo iko chini? Hapana. Usithubutu.

Leo hii, akimaliza kazi, toa daftari. Msomee barua ya Papa, mweleze uliyoandika. Atapiga kelele. Pengine wiki nzima hatakuita kwa jina. Vumilia, usijitetee. Halafu shika bic, andika atakachosema, hata kikikuumiza, na barua ipande boti itakayotangulia ile ya Papa.

Kisha chukua karatasi ya pili. Nimesoma barua yako mara mbili, na hakuna mahali ulipoandika: mimi namhitaji baba yangu. Ulimsemesha mama yako neno ambalo ni lako. Liandike mwenyewe, weka jina lako chini, mwombe Papa ruhusa ya kwenda kumwona Yangambi. Mtu huweza kuacha kuwa mume na bado akawa baba.

Tia karatasi zote mbili katika bahasha moja, ya mama inayokataa na yako inayoita. Papa anajua kusoma. Ataelewa ipi imetoka kwa nani.