Nani Karusha Jiwe?

Mpendwa dada Tereza,

Zamani barua zangu zilianza kwa kukuuliza hali. Sasa umelala Nansio, kwenye makaburi ya kwetu, kwa hiyo iliyobaki ni hali yangu, na hali yangu leo ni hasira. Kaa nikusimulie.

Unakumbuka chumba chetu cha Mkuyuni, hapa Mwanza? Mimi nilikuwa kidato cha kwanza, wewe umeshaacha shule, unauza nyanya. Ukirudi sokoni jioni unanawa mikono na kusema, "Lete fizikia." Nami nalia. Nilitoka shule ya msingi ya Kiswahili, maswali yote yakawa ya Kiingereza, basi nikawa nakariri fomula na kuzipachika popote. Siku moja swali lilisema jiwe limerushwa juu, tafuta kimo litakachofika.

"Nani karusha?" ukaniuliza.

"Hawajasema."

"Basi tumuweke mtu. Jiwe halijirushi lenyewe."

Tukamuweka Mama Kulwa, jirani yetu, akifukuza kunguru kwenye dagaa wake alioanika. Hapo nikaliona jiwe likipanda huku likipungua kasi, likisimama kidogo kule juu, kisha likirudi. Pale liliposimama kasi ilikuwa sifuri, na swali likafunguka. Tangu siku hiyo kila ndoo ya kwenye maswali ilikuwa na mwenyewe, na kila baiskeli ilikuwa na inakokwenda. Kemia ulinifundisha kwa visoda vya chupa sakafuni, vyekundu oksijeni, vyeupe haidrojeni, na ulikuwa mkali kuliko mwalimu. "Hakuna kisoda kinachopotea hapa. Hesabu upya!"

Nikazoea mno. Kwenye mtihani nikaandika "jiwe la Mama Kulwa", mwalimu akalisoma mbele ya darasa zima, wakacheka mpaka wakagonga madawati. Nilirudi nyumbani nimeapa kuacha fizikia.

"Jibu ulipata?" ukauliza.

"Nilipata."

"Waache wacheke. Wakichoka watakuja uwaelekeze."

Walikuja kweli, dada. Waliniita Mama Kulwa mpaka kidato cha nne, huku wakinakili kazi zangu.

Nilikuwa mtu mzima mama aliponiambia kwamba wewe mwenyewe ulitolewa fizikia ulipoingia kidato cha tatu. Walisema unashusha wastani wa shule. Uliipenda, ukanyang'anywa, na hukunitajia hata mara moja. Nilikasirika siku ile na sijapoa mpaka leo.

Sasa mimi ndiye mwalimu wa fizikia, hapa hapa Mwanza. Asubuhi mkuu wa shule alituita kwenye kikao akasema wanafunzi dhaifu wa kidato cha pili waondolewe fizikia na kemia kabla hawajapanda darasa, shule ipate kung'ara. Mimi niwataje wa kwangu. Karibu wote ni wasichana.

"Sina wa kumtaja, mkuu," nikasema.

"Mwalimu, fikiria kibarua chako."

"Nimeshafikiria."

Usidhani mdogo wako ni jasiri sana. Wanaweza kunihamisha, wanaweza kuninyima vipindi, na mwanangu bado anasoma. Naogopa. Lakini simtoi hata mmoja. Walikutoa wewe nikiwa mdogo, sikujua wala sikuweza kusema kitu. Sasa naweza, na nitasema mpaka wanichoke. Wastani wa shule haujawahi kulia chumbani na daftari mapajani. Wewe na mimi tunajua nani analia.

Nilipotoka pale niliingia moja kwa moja darasani kwa hao hao anaotaka waondoke. Nikaandika ubaoni lile swali letu la jiwe. Nikageuka, nikawauliza, "Nani karusha?"

Wakatazamana. Wengine wakaangalia chini, wamezoea kwamba wakijibu watachekwa. Kisha kwenye dawati la nyuma akainuka binti mmoja ambaye tangu mwaka uanze sijawahi kusikia sauti yake. Alishika chaki kabla sijampa, akasimama mbele ya ubao, akanyoosha mabega.

"Nimerusha mimi, mwalimu."

Pumzika, dada yangu. Jiwe lako bado linapanda.

Mdogo wako,
Mama Kulwa wa fizikia