Chetezo Chini ya Boneti

Baba Rukia,

Gari usiliguse. Ufunguo nimeondoka nao. Wali upo kwenye hotpoti.

Ijumaa dada yangu Somoe alikwambia, "Shemeji, gari lako linanuka petroli." Ukasema ana kijicho, na kwamba ndiyo maana gari linamisi na kukohoa. Leo asubuhi ukaleta chetezo kimejaa makaa ya moto, eti ulifukizie ubani husuda itoke, na mtoto amekaa ndani na sare zake za shule! Ningechelewa na ile ndoo ya maji, saa hizi tungekuwa msibani.

Ulipoondoka umenuna, nikafungua boneti mwenyewe. Mpira wa mafuta umepasuka, petroli inachuruzika, kwenye injini inafika kidogo tu. Husuda gani? Mpira!

Fundi Sebastiani atakuja mchana. Mpe chai, na usimfundishe kazi.

~~Tutarudi jioni.~~ Tutalala Mitwero kwa Somoe. Njoo umwombe radhi.

Rukia ananiuliza kwa nini baba alitaka kumchoma pamoja na gari. Utamjibu wewe.

Mama Rukia