Bibi Yako Anajibu

Mchumba wangu mjukuu,

Goti langu bado huamka kabla yangu, paa halivuji tena, na intaneti imekufa siku ya nne leo, ndiyo maana unapata karatasi. Usicheke. Mimi niliwahi kufufua redio kwa kijiko, fundi mzima akaja kuniamkia!

Basi asubuhi nikafungua lile dirisha jeusi la Linux, nikafuata maelekezo uliyonibandikia ukutani: andika ping, kisha jina la kifaa, uone kama kinajibu. Nilitaka kuandika "ruta", kile kisanduku cha intaneti. Vidole vikaandika "bibi". Mazoea tu, maana kila kitu kikiharibika humu ndani nilikuwa namwita yeye.

Ikajibu.

Kompyuta ya mke mwenzio, ile uliyoipa jina "bibi", iko juu ya kabati tangu tumzike, na matumbo yake uliyatoa wewe mwenyewe ukayatia kwenye yangu. Nimeishusha, nimeitikisa. Tupu, kama kichwa cha baba yako. Nikazima na ruta. Bado mistari ya majibu inashuka, mmoja mmoja.

Ulinifundisha kwamba namba ya mwisho ni muda wa jibu, na ikipungua ujue kifaa kiko karibu. Ilianza mia tisa. Sasa ni arobaini.

Ulisema haitasimama mpaka nibonyeze Ctrl na C. Kidole kiko tayari tangu asubuhi, lakini bibi yako akianza kusema, nani aliwahi kumkatiza? Miaka hamsini mimi nilishindwa.

Nimeacha mlango wazi.

Babu yako,
mume wenu